Reli Isiyo na Mataruma: Tafakari kutoka Asembo Bay

Kuufikiria mtandao wa reli wa taifa ni kazi ambayo kwa kawaida huanzia kwenye ramani: mchoraji huweka nukta kwenye miji mikubwa, huziunganisha kwa mistari, kisha huiacha nchi iliyosalia kuwa nafasi tupu ambayo mstari huipita au hauifikii kabisa. Hivyo ndivyo zinavyofikiriwa reli za nchi ambazo hadi leo hazina treni, kama vile Rwanda, Burundi na Chad, na hivyo ndivyo zilivyofikiriwa pia reli za nchi ambazo sasa zinazo. Katika tafakari hii mtandao una maana finyu kuliko ile ya ramani: ni mpango unaomwezesha mtu aliye mahali pamoja kufika mahali pengine popote palipomo ndani ya mpango huo, kwa kubadilisha chombo njiani ikibidi, bila ya kulazimika kuianza upya safari yake, kwa bei mpya na kwa bahati mpya, kila anaposhuka. Kwa kipimo hicho, reli mbili zinazokutana huku treni zake hazingojani hazijawa mtandao, ilhali meli inayoingojea treni ni sehemu kamili ya mtandao ijapokuwa haijawahi kugusa chuma. Mahali panapofaa kukijaribia kipimo hicho ni Asembo Bay, katika eneo la Rarieda, Kaunti ya Siaya, ambako treni haijawahi kufika hata siku moja na ambako, hata hivyo, watu waliwahi kuishi ndani ya mtandao wa reli kwa miongo mingi.

Asembo Bay iko kwenye ukingo wa kaskazini wa Ghuba ya Winam, yaani ule mkono wa Ziwa Viktoria, au Nam Lolwe kama Waluo waliitavyo, unaoingia Kenya kuelekea mashariki hadi Kisumu. Kwa msafiri wa barabara, hapa ni mwisho wa njia: mtu hutoka Kisumu, huiacha barabara ya Busia pale Kisian, hufuata barabara ya Bondo hadi Ndori, kisha huteremka kuelekea majini, na akishafika ufukweni hana tena pa kwenda ila kurudi alikotoka. Ng'ambo ya pili Mlima Homa unaonekana kwa macho, lakini anayetaka kuufikia mji wa Homa Bay kwa gari bila ya kuvuka maji hana budi kurudi Kisumu na kuizunguka ghuba yote, safari inayozidi kilomita 150, au ashike njia ya Luanda Kotieno apate kivuko cha Mbita. Ramani ya barabara, kwa hiyo, humfundisha mkazi wa Asembo kwamba yeye anaishi pembezoni, na mtu akifundishwa hivyo kwa muda mrefu huja kuamini kwamba upembezoni huo uliumbwa pamoja na ardhi.

Historia inasema vingine. Reli ya Uganda, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ilifika kwenye ufukwe wa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu, tarehe 20 Desemba 1901. Ilikuwa reli ya mita moja, maana yake ni kwamba upana kati ya vyuma viwili ni milimita 1,000. Ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, ambao yapata 2,500 kati yao walikufa kazini. Na ilipanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,500 kwenye nyanda za Mau kabla ya kuteremka ziwani, ambako maji yako karibu mita 1,130 juu ya bahari. Jambo ambalo masimulizi ya reli hiyo hulitaja kwa haraka ni kwamba haikukusudiwa kuishia Kisumu. Jina lake lenyewe liliitaja nchi iliyokuwa ng'ambo ya maji, na meli ya kwanza ya mpango huo, William Mackinnon, iliyoundwa Uskoti na kuletwa vipande vipande, iliteremshwa majini Kisumu mwaka 1900, yaani kabla kichwa cha treni hakijafika huko. Katika habari za ziwa hili, meli ilitangulia na reli ikafuata.

Baada ya hapo zilikuja meli nyingine: Winifred na Sybil katika miaka ya mwanzo ya karne, kisha Clement Hill na Nyanza mwaka 1907, na nyinginezo baadaye, zote zikiwa mali ya reli, zikiendeshwa na mabaharia walioajiriwa na reli na kufuata ratiba iliyopangwa na reli. Mpango huo ulidumu chini ya majina tofauti ya wenye mamlaka, hadi kwenye Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1960 ukafikia hatua ya juu ya kiufundi kwa ujio wa vivuko vya treni kama MV Uhuru, meli ambayo sitaha yake imetandikwa reli ili mabehewa yasukumwe ndani Kisumu na kutolewa Mwanza, Jinja au Port Bell bila ya kupakuliwa mzigo. Utaratibu kama huo ulikuwapo Ziwa Tanganyika, ambako meli inayoitwa leo Liemba ilifika Kigoma kwa reli ikiwa vipande. Katika Afrika Mashariki, basi, maziwa yalihesabiwa kuwa ni vipande vya njia ya reli ambavyo havikuhitaji kutandikwa.

Ndani ya Ghuba ya Winam palikuwa na huduma ndogo zaidi, ambayo kwa mada hii ina uzito kuliko zile meli kubwa zilizolizunguka ziwa zima. Meli za ghuba zilitia nanga Kendu Bay, Homa Bay, Asembo Bay na Mbita, zikachukua abiria, pamba, nafaka na samaki, na kuwapeleka Kisumu, ambako treni ya kwenda Nairobi na Mombasa iliondoka kutoka stesheni iliyo jirani na bandari. Kijana aliyeondoka Asembo kwenda kutafuta kazi Nairobi au Mombasa aliianza safari yake ya reli kwenye gati la kwao, kwa sababu chombo alichopanda kilikuwa chini ya uongozi uleule uliokuwa na treni aliyoikusudia. Wala ubora wa mpango huo usitiwe chumvi. Lengo lake la kwanza lilikuwa kuitoa pamba ya Nyanza, kukusanya kodi na kuwasafirisha vibarua kwa faida ya dola ya kigeni, na madaraja ya tiketi yalifuata rangi za watu. Lakini ndani ya chombo hicho cha ukoloni mlikuwa na wazo la kiufundi ambalo halina rangi wala bendera, nalo ni kwamba mahali padogo pakifikiwa kwa saa inayojulikana, na chombo kinachofuata, panakuwa sehemu ya dunia kubwa sawasawa na mahali pakubwa.

Namna Asembo ilivyotoka kwenye mtandao ndiyo inayothibitisha hoja hii kwa uwazi zaidi, kwa kuwa hakuna taruma hata moja lililong'olewa. Tangu njia kuu ya kwenda Uganda ilipopitishwa Nakuru na Eldoret na kufika Kampala mwaka 1931, shehena ya Uganda haikulazimika tena kupitia Kisumu, na Kisumu iliyokuwa mlango ikawa tawi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli lilivunjika nalo. Mabehewa, vichwa vya treni na meli viligawanywa kwa mataifa matatu, na ziwa ambalo lilikuwa njia likawa mpaka. Barabara za lami zilizidi, malori na matatu yakachukua mizigo na abiria, na fedha za kukarabati magati hazikupatikana. Katika miaka ya 1990 gugumaji, mmea wa Amerika Kusini unaoelea na kuzaana kwa kasi, lilitanda kwenye ghuba kiasi cha kuyafunga magati na bandari ya Kisumu yenyewe kwa vipindi virefu. Hata ukodishaji wa reli kwa kampuni ya Rift Valley Railways, ulioanza mwaka 2006 na kumalizika mwaka 2017, haukuirudisha huduma ya ghuba. Kilichopotea Asembo ni saa ya meli, safari moja ya meli na treni, na ofisi iliyowajibika kwa vyote viwili. Maji, ufukwe na watu wamebaki palepale.

Kenya ya leo imeufikiria upya mtandao wake wa reli kwa ujasiri na kwa gharama kubwa. Reli ya kisasa, yaani ile yenye upana wa milimita 1,435 ambao ndio unaotumika katika sehemu kubwa ya dunia, ilizinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwishoni mwa Mei 2017, kilomita 472 zilizogharimu takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa ni mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mwezi Oktoba 2019 ikasogezwa hadi Suswa, karibu na Naivasha. Mpango wa kuiendeleza hadi Kisumu, na kutoka hapo hadi Malaba mpakani mwa Uganda, umejadiliwa kwa miaka mingi, na wakati huohuo reli ya zamani ya mita moja kati ya Nairobi na Kisumu ilikarabatiwa, treni ya abiria ikarejea mwishoni mwa mwaka 2021. Haya ni mambo ya heshima, na tafakari hii haikusudii kuyabeza. Linalotakiwa kuulizwa ni hili: je, mstari huo utakapofika Kisumu utakuwa umefika kwa nani?

Hesabu rahisi inatosha kuonyesha kwamba jibu haliwezi kupatikana kwa chuma peke yake. Bilioni 327 zikigawanywa kwa kilomita 472, kila kilomita iligharimu zaidi ya shilingi milioni 600, gharama za vituo na vyombo zikiwemo. Kutoka Kisian hadi Asembo Bay, umbali usiozidi kilomita 60, bei hiyo ingefika mabilioni kwa makumi, na hakuna mhasibu mwaminifu ambaye angeweza kuonyesha kwamba samaki, mahindi na abiria wa Rarieda wangeirudisha fedha hiyo. Reli hupata nguvu yake kutokana na wingi: msuguano kati ya gurudumu la chuma na chuma cha reli ni mdogo sana, hivyo kichwa kimoja huweza kuvuta maelfu ya tani, lakini faida hiyo huonekana tu pale ambapo maelfu ya tani yapo. Kwa sababu hiyo nchi yoyote, iwe tajiri au maskini, itakuwa daima na maeneo mengi ambayo reli haiyafikii, na anayeahidi kufikisha mataruma katika kila kijiji anaahidi asichoweza kutimiza. Swali zito la kupanga reli ya taifa linahusu maeneo hayo hasa, kwa kuwa ndiko waliko wengi wa wale wanaoilipia kwa kodi zao.

Uswisi inafaa kutajwa hapa, kwa sababu nchi hiyo ya milima na maziwa ililikabili swali hilohilo na kulijibu kwa utaratibu. Mwaka 1982 reli za Uswisi zilianza kuendesha treni kwa vipindi sawa, maana yake ni kwamba treni inayoondoka dakika fulani ya saa moja huondoka dakika ileile ya saa inayofuata, siku nzima. Na mwezi Desemba 1987 wananchi waliidhinisha kwa kura mpango ulioitwa Reli 2000, ambao ulikamilisha hatua yake kuu mwaka 2004. Kiini cha mpango huo ni kuigeuza desturi ya wahandisi: ratiba hupangwa kwanza, na ujenzi huja baadaye kuitumikia. Stesheni kuu huteuliwa kuwa vituo vya makutano, ambako treni kutoka pande zote hufika kwa pamoja kabla kidogo ya saa kamili, abiria wakabadilishana kwa dakika chache, kisha treni zote zikaondoka kwa pamoja. Ikibainika kwamba safari kati ya vituo viwili inachukua dakika chache zaidi ya zinazotakiwa, ndipo hujengwa handaki au njia mpya ya kuziokoa dakika hizo, na si zaidi. Mabasi ya posta ya mabondeni hufungamanishwa na saa hizohizo, na mtu wa kijiji kisicho na reli husafiri akiwa ndani ya mpango mmoja na mtu wa Zürich. Mtandao wa namna hii unafanana na wavu wa mvuvi, ambao nguvu yake imo kwenye mafundo.

Kanuni hiyo ikiletwa Ghuba ya Winam, ramani hubadilika sura kwa namna isiyotarajiwa. Kwa mstari ulionyooka juu ya maji, Asembo Bay iko kati ya kilomita 30 na 45 hivi kutoka Kisumu, vivyo hivyo kutoka Kendu Bay, vivyo hivyo kutoka Homa Bay, na vivyo hivyo kutoka Mbita. Mahali ambapo barabara inapaita mwisho, maji yanapaita katikati. Tuseme, kwa ajili ya kuijaribu hoja, kwamba vyombo vinne vya mwendo wa kawaida wa kilomita 20 kwa saa vinaondoka katika bandari hizo nne saa kumi na mbili asubuhi: vyote vitaweza kuwa Asembo kufikia saa mbili na robo, vikabadilishana abiria na mizigo kwa nusu saa, na kurejea vilikotoka kabla au ifikapo saa tano. Duru ya pili, ikianza saa nane mchana, ingemfikisha Kisumu saa moja jioni mtu aliyetoka Mbita, Homa Bay au Asembo yenyewe, na treni ya usiku ya Nairobi, ikipangwa kuondoka saa mbili, ingemkuta ameshashuka. Hesabu hii si mradi uliokamilika. Upepo wa alasiri, kina cha maji na hali ya magati vitaitaka irekebishwe. Inatosha tu kuonyesha kwamba upembezoni wa Asembo ni tokeo la namna ya kupanga, na kwamba lililofanywa kwa kupanga linaweza kufanywa upya kwa kupanga.

Ni nani angenufaika? Biashara ya samaki inatoa jibu la kwanza. Mbuta, samaki mkubwa aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita, alilibadilisha ziwa hili kuwa chanzo cha bidhaa inayouzwa nje ya nchi, lakini samaki ni mali inayooza, na kila saa isiyo na uhakika kati ya wavu na barafu hukatwa kwenye bei ya mvuvi. Mchuuzi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, ambaye mara nyingi ni mwanamke mwenye mtaji mdogo, hana shida ya kuoza mara moja kwa kuwa omena wake wamekaushwa, ila ana shida nyingine iliyo nzito vilevile: asipojua chombo kitaondoka lini, hawezi kuahidi mzigo kwa mnunuzi wa mbali, na asiyeweza kuahidi hubaki kumuuzia dalali aliyekuja na gari ufukweni kwa bei anayoitaka dalali. Kwa mtu wa namna hii uhakika wa saa ni mtaji, pengine mkubwa kuliko mkopo wa benki. Yuko pia mgonjwa aliyepewa miadi katika hospitali kuu ya Kisumu, na mwanafunzi anayerudi shuleni ng'ambo ya ghuba, na familia ambayo koo zake zimegawanyika kaskazini na kusini mwa maji yaleyale.

Asembo imekwisha kuonyesha kwamba mahali padogo panaweza kuitumikia dunia pakiunganishwa vizuri na taasisi kubwa. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, Asembo pamoja na eneo jirani la Gem vilikuwa uwanja wa utafiti mkubwa wa vyandarua vyenye dawa, ulioendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ambayo kituo chake kiko Kisian, kwa ushirikiano na taasisi ya afya ya umma ya Marekani, CDC. Matokeo yake yalionyesha kwamba vyandarua hivyo vinapunguza vifo vya watoto hata mahali ambapo malaria iko mwaka mzima, na yalichangia ushahidi ambao juu yake kampeni za vyandarua barani Afrika zimesimama. Utafiti kama ule huhitaji watu wajue ni siku gani mhudumu atapita kwenye boma lao, na mhudumu ajue anampelekea nani taarifa. Utaratibu wa namna hiyo, uliofuatwa kwa miaka kadhaa katika vijiji vingi, ni utaratibu uleule ambao usafiri wa umma unauhitaji.

Kikwazo kikubwa zaidi leo kimo katika sheria, nacho kinastahili kuangaliwa kwa makini kwa kuwa hakikuwekwa kwa nia mbaya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, inagawa kazi kati ya Serikali ya Kitaifa na serikali za kaunti. Reli na usafiri wa majini kwa jumla vimewekwa chini ya Serikali ya Kitaifa. Vivuko na bandari, ukiondoa udhibiti wa meli za kitaifa na kimataifa, vimewekwa chini ya kaunti. Kile ambacho zamani kilikuwa kitu kimoja, yaani treni pamoja na meli inayoilisha, kimekatwa vipande viwili na kukabidhiwa mikono miwili, na mkono wa pili wenyewe una vidole vitatu, kwa kuwa ghuba inagusa kaunti za Kisumu, Siaya na Homa Bay. Hakuna kati ya mamlaka hizo inayowajibika kwa makutano, na mahali ambapo hakuna mwenye kuwajibika, treni huondoka na abiria akabaki gatini. Hata hivyo Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 189, inazitaka serikali za ngazi zote mbili zishirikiane, na inaziruhusu kuunda kamati na mamlaka za pamoja kwa ajili hiyo. Mamlaka ya usafiri ya Ghuba ya Winam, yenye wajumbe wa kaunti tatu pamoja na Shirika la Reli la Kenya, ingeweza kuundwa bila ya kubadilisha hata neno moja la Katiba, na kazi yake ya kwanza ingekuwa kuitangaza ratiba na kujibu kwa nini haikufuatwa.

Ziwa hili lina kumbukumbu za maafa, na mapendekezo yoyote ya kuwarudisha watu majini yana wajibu wa kuyataja. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya 200. Katika maafa yote mawili wingi wa abiria kupita uwezo wa chombo ulitajwa kuwa miongoni mwa sababu, na wingi huo hauwezi kutenganishwa na uhaba: chombo hujazwa kupita kiasi pale ambapo watu hawana hakika kwamba kingine kitakuja. Kwa hiyo ratiba inayoaminika ni kifaa cha usalama kama lilivyo boya la kuokolea. Vivyo hivyo kuliondoa gugumaji, kuchimba kina cha magati na kuweka taa za kuongozea meli ni matumizi ya kudumu ambayo lazima yaandikwe kwenye bajeti kila mwaka, kama reli inavyokaguliwa kila mwaka, kwani njia ya maji haidai mataruma lakini inadai utunzaji.

Wapo watakaosema kwamba barabara zimekwisha kuifanya kazi hii, kwamba matatu na bodaboda humfikisha mtu popote, na kwamba kuirudia meli ni kutamani yaliyopita. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa wenye matatu wamewatumikia watu wa Nyanza katika miaka ambayo serikali ilikuwa imewasahau. Lakini barabara huizunguka ghuba, wala haiwezi kuivuka. Matatu huondoka inapojaa, jambo ambalo humfaa mwenye gari na kumtupia abiria gharama ya kungoja. Na nauli hupanda siku ya mvua na siku ya sikukuu, yaani siku ambazo safari inahitajika zaidi. Mtandao unaopendekezwa hapa haumfukuzi mwenye matatu. Unampa gati la kungojea abiria kwa saa inayojulikana, sawa na basi la posta linavyoingojea treni katika bonde la Uswisi.

Nchi ambazo bado hazina treni zinaweza kuyachukua mafunzo haya mapema kuliko Kenya ilivyoyapata. Wajerumani walianza mwaka 1914 kujenga tawi la reli kutoka Tabora kuelekea Rwanda, vita vikalikatiza, na tangu wakati huo Rwanda imekuwa ikizifikiria reli zake kwenye karatasi. Unguja iliwahi kuwa na reli fupi ya kwenda Bububu mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ikatoweka. Na Tanzania bara, ambayo mwaka 2024 ilianza kuendesha treni za umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma, inaielekeza reli yake mpya Mwanza, kwenye ziwa hilihili. Treni hizo zitakapokutana na maji, patatokea tena uamuzi uliofanyika Kisumu mwaka 1901: ama ufukwe uhesabiwe kuwa ni mwisho wa njia, ama uhesabiwe kuwa ni mahali pa kubadilisha chombo.

Uamuzi wa pili ndio unaostahili taifa huru, na hauhitaji kungojea mkopo wa mabilioni ndipo uanze kutekelezwa. Ratiba inaweza kuchapishwa kabla ya daraja kujengwa, tiketi ya pamoja inaweza kuuzwa kabla ya kichwa kipya cha treni kununuliwa, na mamlaka ya pamoja inaweza kuundwa kwa saini za magavana watatu na waziri mmoja. Ujenzi utafuata pale ambapo ratiba itaonyesha kuwa dakika zinapotea, na fedha ya umma itakwenda kuziokoa dakika hizo kwanza. Urefu wa mstari ni kipimo rahisi kwa wanaozindua miradi, kwa kuwa kilomita huhesabika na hupigwa picha. Kipimo cha haki ni kigumu zaidi, nacho kinawekwa na mtu aliye mbali kabisa na stesheni: mtandao wa taifa utakuwa umejengwa pale ambapo abiria wa Asembo Bay ataweza kununua tiketi moja hadi Mombasa, akajua saa atakayofika, na akajua ni nani wa kumdai asipofika.